Uzi: Mkienda altrasaundi ya wiki ya 20, ulizeni kichwa kabla ya jinsia

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili kwenye chumba cha altrasaundi, mingi nimeitumikia Kanda ya Ziwa. Nikishapaka jeli tumboni, swali la kwanza la mama ni moja kila siku: "Wa kike au wa kiume?" La pili, amelalaje. Baada ya hapo watu hufuta tumbo na kushuka kitandani. Wanaoniuliza "ubongo wake uko vipi?" nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nadhani wengi hawajui kwamba unaonekana. Unaonekana, tena vizuri, ukija wakati wake. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nianze na linaloniuma. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpima mama wa wiki 33. Foleni ilikuwa imetoka hadi barazani. Nikapima upana wa kichwa, tumbo, paja, nikaangalia moyo, kondo na maji, nikaandika: "Mtoto mmoja, hai, ametanguliza kichwa, hakuna kasoro iliyoonekana." Ni kweli haikuonekana, kwa sababu sikuitafuta. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi, na kichwa kimeshaanza kujaa maji. Bibi yake alikuja na ile karatasi yangu imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akanitazama. Hakusema neno. Tangu siku ile siandiki kwamba kichwa kiko sawa kabla sijaiona sehemu ya nyuma ya ubongo kwa macho yangu mwenyewe.

Sasa niwaeleze tunaangalia nini.

Mashine inatuma sauti nyembamba mno, sikio la binadamu haliisikii, kisha inasikiliza mwangwi wake. Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, alianza na mashine za viwandani za kutafutia nyufa kwenye vyuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake, akiwemo injinia Tom Brown, wakachapisha picha za kwanza za mtoto akiwa tumboni. Fuvu la mtoto bado ni jembamba, kwa hiyo sauti hupenya na kurudi na habari za ndani.

Kichwa tunakikata kwa picha, mkato baada ya mkato, kama mtu anayekata chungwa kwa mlalo. Mikato ya lazima ni mitatu.

Mkato wa kwanza unaonyesha vyumba vya maji. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu kuna vyumba vyenye maji safi yanayozunguka, na ndani ya vyumba hivyo kuna tishu inayoyatengeneza. Kwenye skrini tishu hiyo ni nyeupe, pande mbili, kama mabawa ya kipepeo aliyetua. Tunapima upana wa chumba. Unatakiwa uwe chini ya milimita 10, na uzuri wa namba hii ni kwamba haibadiliki: wiki ya 20 ni chini ya 10, wiki ya 36 ni chini ya 10.

Wa pili uko chini kidogo ya huo. Katikati utaona vitu viwili vya kijivu vimekaa ubavu kwa ubavu kama mbegu mbili za kunde, na mbele yake kisanduku kidogo cheusi. Hapa ndipo tunapopima upana na mzunguko wa kichwa. Kale kasanduku watu wengi wanakapita tu, nami naomba wenzangu wa fani wasikapite. Kasipoonekana kwenye wiki ya 20, kuna uwezekano kwamba lile daraja linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo halikujengeka.

Wa tatu unainamisha probu, kile kifaa tunachokipitisha juu ya tumbo la mama, kuelekea kisogoni. Huu ndio nilioukosa siku ile. Hapo pana ubongo mdogo, serebela, na ukiwa mzima unaonekana kama namba nane iliyolazwa. Upana wake kwa milimita unakaribiana na idadi ya wiki za mimba: wiki 20, milimita 20 hivi. Nyuma yake pana kimfuko cha maji cha kati ya milimita 2 na 10.

Kwa nini naung'ang'ania mkato huu? Mgongo ukiwa wazi, maji ya ubongo huvuja kupitia pale kwenye kidonda, na ubongo wa nyuma unavutwa chini kuelekea shingoni. Ile namba nane inabanwa na kupinda, inakuwa kama ndizi iliyokumbatia shina la ubongo. Kimfuko cha nyuma kinapotea. Na huku mbele fuvu linabonyea pembeni, kichwa kinachukua umbo la limau. Ndizi na limau ndivyo vinavyoitwa hadi leo na wataalamu wa dunia nzima, tangu Kypros Nicolaides na wenzake wa London walipoviandika mwaka 1986. Kabla ya hapo mtu alihangaika kutafuta kijitundu mgongoni, pingili kwa pingili, na mtoto hatulii. Baada ya hapo tukajua kwamba kichwa kinasema habari za mgongo.

Ila umbo la limau huwa linapotea baada ya wiki ya 24 hivi. Mama akija wiki ya 33, kichwa kimeshuka kwenye nyonga, mfupa umekomaa na kutupa kivuli, dalili ya kwanza imeshaondoka. Ndiyo maana nasema wiki ya 18 hadi 22. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apate angalau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Wengi ninaowapokea mimi wanakuja mwezi wa saba, "kuangalia kama amegeuka".

Mkifika, mwambieni mpimaji hivi: "Naomba uniangalizie na kichwa, vyumba vya maji na ubongo wa nyuma." Hakuna mpimaji wa kweli atakayechukia. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Mdau 1

Mkuu ahsante kwa somo. Mama mkwe anamkataza mke wangu kurudia kipimo, anasema ile mionzi inachoma ubongo wa mtoto. Kuna ukweli?

Mleta uzi

Mfikishie mama shikamoo zangu. Hofu yake ni ya mtu anayempenda mjukuu, asibezwe. Lakini altrasaundi haina mionzi. Mionzi iko kwenye eksirei na CT. Hii ni sauti. Mawimbi yake yakikaa mahali pamoja muda mrefu kwa nguvu kubwa yanaweza kuongeza joto kidogo, kwa hiyo kanuni yetu ni kutumia nguvu ndogo inayotosha, muda unaotosha, kwa sababu ya kitabibu. Kupima mara mbili tatu kwa sababu ya maana hakuna ubaya. Kupigwa picha kila wiki kwa ajili ya kuona sura, hapana.

Mdau 2

Nimesoma uzi huu mikono inatetemeka. Mke wangu ana wiki 21, jana tumepewa karatasi imeandikwa chumba cha maji cha kushoto ni mm 11. Tumeambiwa tu "mrudi baada ya mwezi". Hajala tangu jana. Huyu mtoto ndio basi?

Mleta uzi

Kaka, mwambie shemeji ale. Siyo basi.

Milimita 10 hadi 12 tunaita kutanuka kidogo. Kama ndicho kitu pekee kilichoonekana, serebela iko vizuri, kisanduku kipo, mgongo umefungika, kichwa kinakua, basi zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wa kundi hilo hukua vizuri kama wengine. Ikifika 13 hadi 15 tunakuwa waangalifu zaidi. Ikipita 15, hapo tunazungumza lugha nyingine.

Lakini msisubiri tu. Mambo ninayotaka myafanye: ombeni kipimo cha marudio kifanywe na daktari bingwa wa radiolojia au wa uzazi mwenye uzoefu wa kuangalia watoto tumboni, ndani ya wiki mbili hadi nne. Aangalie upande wa pili pia. Upande wa kichwa ulio karibu na probu huwa unafunikwa na ukungu wa mfupa, kwa hiyo mara nyingi tunapima ule wa mbali. Mpimaji mzuri humgeuza mama ubavu, anasubiri mtoto ageuke, anauona na wa pili. Muulizeni daktari pia kuhusu vipimo vya damu vya maambukizi kama toksoplasma na saitomegalo, maana yanaweza kutanua vyumba hivyo. Na mkirudi, kinachotazamwa ni mwendo: imebaki 11, imeshuka, au imepanda? Namba moja ya siku moja haimhukumu mtoto.

Mdau 3

Samahani mleta uzi, ukijua ndio nini sasa? Huku kwetu hakuna cha kumfanya mtoto akiwa tumboni. Naona ni kumpa mama presha bure, bora ajue akishazaa.

Mdau 4

Naomba nijibu hili, mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, Kisumu.

Ndugu yangu, nimepokea watoto wa mgongo wazi waliojulikana kabla na wasiojulikana. Asiyejulikana anazaliwa kituo cha mbali usiku. Kidonda kinafunikwa kwa kanga au pamba kavu inayonata. Wanatafuta gari siku mbili, akifika hospitali kubwa homa ya uti wa mgongo imeshaingia. Aliyejulikana, mama yake anakuja kujifungulia palipo na daktari wa upasuaji wa ubongo. Tunamlaza mtoto kifudifudi, tunafunika kidonda kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, na anaingia chumba cha upasuaji ndani ya siku mbili. Ni maradhi yale yale. Maisha ya watoto hao wawili hayafanani hata kidogo.

Na kama kichwa kimejaa sana, kujua mapema ndiko kunakoamua kama mama atazaa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji. Hiyo ni roho ya mama pia.

Mleta uzi

Dada wa Kisumu, ubarikiwe. Niongeze kidogo tu. Kwa upasuaji wa watoto hawa, Tanzania pana MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Kenya pana hospitali ya Kijabe, Uganda pana hospitali ya CURE ya Mbale. Pale Mbale ndipo Dkt. Benjamin Warf, kuanzia miaka ya 2000, alipoikuza njia ya kutoboa mlango mpya wa maji ndani ya ubongo na kuchoma ile tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji kuwekewa mpira wa kutolea maji kichwani maisha yao yote. Njia iliyokomaa Mbale inafuatwa sasa hadi Marekani.

Na huyo huyo Warf aligundua jambo ambalo kila mzazi wa huku anapaswa kulijua: zaidi ya nusu ya watoto wa kichwa kikubwa aliowaona Uganda walipata tatizo baada ya kuzaliwa, kutokana na maambukizi ya siku za mwanzo. Altrasaundi ya tumboni isingewaona, kwa sababu tumboni walikuwa wazima. Kwa hiyo kichanga akipata homa au degedege wiki za mwanzo, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, na kliniki msikubali aondoke bila kupimwa mzunguko wa kichwa kwa futi kamba.

Mdau 5

Mtaalamu, kipimo hiki kinaweza kuonyesha kama mtoto atakuwa na usonji au mtindio wa ubongo? Na akili je? Dada yangu aliambiwa kichwa cha mwanawe ni kidogo, sasa ukoo mzima unamsubiri mtoto kwa wasiwasi.

Mleta uzi

Usonji, hapana. Akili, hapana. Tunaona jengo. Taa zitawakaje ndani ya jengo hilo, skrini haisemi. Mtindio wa ubongo mara nyingi unatokana na mambo ya njiani na baadaye: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa uchungu, manjano kali isiyotibiwa. Picha nzuri ya wiki ya 20 haimkingi mtoto na uchungu wa siku mbili bila msaada.

Kuhusu kichwa kidogo, swali la kwanza ni: wiki zimehesabiwaje? Kama mama alikisia tarehe ya hedhi ya mwisho na akakosea wiki tatu, mtoto mzima kabisa ataonekana ana kichwa kidogo. Ndiyo maana altrasaundi ya mapema, miezi mitatu ya kwanza, ina thamani kubwa hata kama hakuna cha kuona zaidi ya urefu wa mtoto. Inaweka tarehe.

Swali la pili: amelinganishwa na nani? Hapa nina habari ya kuwapa moyo. Mradi wa INTERGROWTH-21st ulifuatilia ukuaji wa watoto tumboni katika miji na maeneo manane duniani, na chati zake zikatoka mwaka 2014. Mojawapo ni Parklands, Nairobi. Nyingine ni Muscat, Oman. Kwa hiyo chati hizo hazikujengwa na watoto wa Ulaya peke yao. Na mwaka 2023 wanasayansi walichukua picha za altrasaundi za pande tatu kutoka mradi huo huo, zaidi ya elfu moja, wakachora ramani ya ukuaji wa ubongo kuanzia wiki ya 14 hadi ya 31, kwa kutumia watoto ambao baadaye walipimwa na kuonekana wanakua vizuri walipofika miaka miwili. Wakaona kwamba pande mbili za ubongo zinaanza kutofautiana mapema kama wiki ya 14, na tofauti hiyo inafika kilele kati ya wiki ya 20 na 26, hasa kwenye sehemu zinazohusika na lugha. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya. Mtoto hajavuta pumzi bado, na mahali pa kuwekea maneno ya mama yake pameshaanza kutengwa.

Mdau 5

Na kama ile ya wiki ya 20 ilikuwa safi, kuna haja ya kurudia?

Mleta uzi

Kwa mimba isiyo na shida, wengi hawahitaji uchunguzi mwingine wa kichwa. Ila mfahamu kwamba ubongo wa wiki 20 ni laini juu kama yai lililomenywa. Mikunjo inakuja baadaye, na ikifika wiki ya 28 hadi 32 ndipo mtu anaweza kusema imekuja au haikuja. Kwa hiyo ukiwa na sababu, rudi: homa kali yenye vipele ujauzitoni, kichwa kilichoachwa nyuma na tumbo kwenye vipimo, mtoto wa kwanza aliyekuwa na tatizo.

Mfano ninaoukumbuka ni wa Zika, kirusi kilichopewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, kilikogunduliwa mwaka 1947. Mama mmoja wa Ulaya alishika mimba akiwa anaishi Brazili, akaugua homa na vipele mwishoni mwa mwezi wa tatu wa mimba. Altrasaundi ya wiki ya 14, safi. Ya wiki ya 20, safi. Ya wiki ya 29 ikaonyesha kasoro, na ubongo ulikuwa umeharibika vibaya. Madaktari wa Slovenia waliichapisha habari hiyo mwaka 2016. Wapimaji wa wiki ya 20 hawakukosea. Ugonjwa ulikuwa bado haujaandika chochote cha kuonekana.

Mdau 6

Mleta uzi, nimesoma pale uliposema habari ya yule bibi na karatasi, nikaweka simu chini nikalia.

Mimi ni mama wa mtoto wa mgongo wazi. Ana miaka minne, tunahudhuria kliniki kila mwezi, anajivuta kwa mikono na anaongea kuliko dada zake. Nilipimwa mara mbili, mara zote karatasi ilisema mtoto yuko vizuri. Miaka minne nimekuwa nikijiuliza nilikula nini, nilibeba nini kizito, nani nilimkosea. Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia mtu wa upande wenu akisema "sikuitafuta".

Nataka kubeba tena. Mume wangu anaogopa. Naogopa pia.

Mleta uzi

Mama, pole. Sina haki ya kusema kwa niaba ya aliyekupima, lakini kwa niaba yangu: nisamehe.

Hukumkosea mtu. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba, wanahisi hedhi imechelewa tu. Hakuna mzigo uliobeba mwezi wa tano ulioufungua.

Kinachosaidia kinatangulia mimba. Ni asidi ya foliki. Kwa mwanamke yeyote ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi miezi mitatu ya kwanza iishe. Kwako wewe, kwa kuwa umeshapata mtoto mwenye tatizo, dozi ni kubwa mara kumi na zaidi, miligramu 4 au 5, na inaandikwa na daktari. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wanawake wenye historia kama yako: waliotumia miligramu 4 kabla ya mimba, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Vidonge vya damu vya kliniki ni vizuri, endelea kuvimeza ukipewa, ila kwa kazi ya kufunga mgongo vinakuja mlango umeshafungwa au umeshaachwa wazi. Unga wa viwandani huongezwa foliki kwa mujibu wa sheria, Tanzania na Kenya, lakini unga tunaosaga wenyewe mashine ya mtaani hauna, na kwako hata huo wa kiwandani hautoshi.

Kama unatumia dawa za kifafa au una kisukari, mwambie daktari siku hiyo hiyo ya kwanza. Na ukishika mimba, altrasaundi ya mapema ya kuweka tarehe, kisha wiki ya 18 hadi 20 ufike kwa bingwa. Mpe karatasi hii: "Nina mtoto wa mgongo wazi. Naomba serebela na mgongo."

Wazazi wenzako wana chama pia, ASBAHT, kwa wenye watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi Tanzania. Mpeleke mume wako akakae na wababa wa pale.

Mdau 2

Wakuu, mrejesho. Tumerudia kwa bingwa baada ya wiki tatu. Kushoto mm 10, kulia 8. Ametuonyesha ile namba nane kwenye skrini, mke wangu ameitambua kabla hajaambiwa. Damu haina maambukizi. Tunarudi wiki ya 30 kwa uangalizi. Anakula.

Mdau 6

Nimekwenda kwa daktari na mume wangu. Aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Tumeandikiwa ya miligramu 5, tumeambiwa tusishike mimba kabla ya miezi mitatu. Kopo nimeliweka kabatini karibu na majani ya chai ili nisisahau. Nimemeza cha kwanza jana usiku, mwanangu akaniuliza hiyo dawa ni ya nani.